Kabla hujanunua Maltese, Pom au Chihuahua Arusha: tuongee magoti, koo, meno na hela ya dokta

Mleta uzi:

Wakuu habari zenu, hasa mlioko Arusha na Moshi. Sa hivi vimbwa vidogo vimejaa mjini, ukizunguka Njiro, Sakina, Moshono, ukishuka Moshi pale Shanty Town lazima ukutane na Maltese au Pomeranian kabebwa kwapani, na magrupu ya WhatsApp ya kuuza papi (watoto wa mbwa) hayapoi. Mi nafuga hawa wanyama na nawapenda kweli, kinachoniuma ni kwamba watu wanauliza bei ya kununua tu, hakuna anayeuliza bei ya kumtunza mpaka azeeke. Na wanaishi hawa, Maltese anafika miaka 12 mpaka 15, Chihuahua wengine wanapita hapo. Papi unayemleta nyumbani mwanao akiwa chekechea bado utakuwa naye mwanao akiwa form four.

Kitu kimoja ndo nataka tuelewane humu. Maradhi mengi ya hivi vimbwa yanajulikana kabla hata hujamnunua, yanatokana na ule udogo wenyewe: mifupa myembamba, mdomo mdogo, damu kidogo, akiba ya sukari kidogo. Sasa kama ugonjwa unaujua mapema basi hela yake nayo ianze mapema, isisubiri siku mbwa amelala sakafuni ndo unaanza kupigia watu simu.

Magoti kwanza. Pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, inatakiwa itulie kwenye mfereji wake kwenye mfupa wa paja, kwa hivi vidogo ule mfereji mara nyingi ni wa juujuu tu, pia inachomoka inaenda upande wa ndani. Dalili yake ukishaiona huisahau: mbwa anakimbia vizuri, ghafla mguu mmoja wa nyuma anaukunja, anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, anaunyoosha ule mguu nyuma kidogo afu anaendelea na mbio zake. Watu wanacheka wanasema anadeka. Hadeki. Madaktari wanaigawa kwa madaraja 4. La 1 pia inatoka dokta akiisukuma na kidole, akiachia inarudi. La 2 inatoka na kurudi yenyewe mbwa akitembea. La 3 inashinda nje ila ikisukumwa inarudi, la 4 iko nje moja kwa moja na hairudi. La 1 kwa kawaida halihitaji kisu, unamshusha uzito na unamzuia kuruka kutoka kwenye kochi na kitanda. La 3 na la 4 hapo ni habari ya upasuaji, na kupasua mguu wa mbwa wa kilo 3 kunataka mtu mwenye mkono wake na vifaa vyake, sio kila daktari wa mifugo anafanya hiyo kazi, kwa hiyo ulizia mapema nani anafanya, na kama mkoani umekosa ujue kuna hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mara nyingi tatizo liko magoti yote mawili, hesabu uipige mara mbili.

Koo sasa. Bomba la hewa limeshikiliwa na pete za gegedu, kwa hawa wadogo zile pete zinalegea mbwa akienda umri, bomba linabonyea, anaanza kikohozi kikavu chenye mlio wa bata bukini, hasa mgeni akibisha hodi naye akafurahi au akivutwa shingo. Mkanda wa shingoni ubaki wa kubeba kibati cha namba ya simu tu, kamba ifungwe kwenye hanesi ya kifuani. Moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, sigara, vyote vinachokoza koo, na unene ndo kabisa. Wengi wanaishi na hilo tatizo kwa dawa na kupungua uzito bila kupasuliwa, lakini dawa zenyewe zinaweza kuwa za kuendelea nazo, zinaingia kwenye bajeti kama umeme. Ila usichukulie kila kikohozi ni koo, hawa wakizeeka valvu ya moyo ya upande wa kushoto inachoka, damu inarudi ilikotoka, naye anakohoa, anachoka haraka, anahema akiwa amelala. Lazima dokta asikilize kifua na ikiwezekana picha ipigwe, dawa za koo na za moyo ni tofauti kabisa.

Meno yanakula hela kimyakimya kuliko vyote. Mbwa mkubwa na mdogo wote wana meno 42, sasa hebu yapange 42 kwenye kataya ka Chihuahua. Yanabanana, chakula kinakwama, ukoga unakuwa ugaga, fizi zinavimba, mdomo unanuka mpaka sebuleni watu wanasogea, na mbwa anakula hivyohivyo huku anaumia. Kusafisha ugaga vizuri ni chini ya dawa ya usingizi, hiyo ni bili. Mswaki laini wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa ni hela ndogo mno ukilinganisha. Dawa yetu ya meno usimpe, yeye hatemi, anameza, na baadhi zina zailitoli ambayo kwa mbwa inashusha sukari ghafla na inaua ini.

Halafu kupe. Kuna hii imani kwamba mbwa wa ndani hapati kupe, si kweli, kupe wa kahawia wa mbwa anazaliana humohumo ndani, kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya mapazia, chini ya kitanda cha mbwa mwenyewe. Anaambukiza babesia na erlikia, magonjwa ya damu. Mbwa wa kilo 3 ana damu kama robo lita tu mwili mzima, kwa hiyo ugonjwa unaokula damu haumpi muda wa kusubiri. Jizoeshe asubuhi kumfunua mdomo uangalie fizi, ziwe za pinki. Ukikuta zimepauka, hali chakula, mwili wa moto, mkojo umekuwa mweusi wa kola, usingoje Jumatatu.

Hela yenyewe mi naigawa mafungu mawili. Fungu la kawaida ni chakula, chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, kunyoa manyoya kwa wale wa Maltese na Shih Tzu. Fungu la pili ni la dharura, haliguswi hata ada ya shule ikibana. Ukiweka 30,000 kwa mwezi, mwaka ni 360,000, miaka mitatu ni 1,080,000, na goti huwa linaanza kujionyesha mbwa akiwa bado kijana, kwa hiyo fungu lianze kabla papi hajafika. Bei za kliniki siziweki hapa, zinapanda na kila mmoja ana yake, wewe piga simu kliniki tatu uliza vitu vinne: kumuona dokta nje ya saa za kazi, picha ya eksirei, kusafisha meno na usingizi wake, kulaza mbwa kwa dripu usiku mmoja. Ukishapata majibu ndo unajua unaweza kumfuga au bado. Na hakikisha huyo dokta amesajiliwa na Baraza la Veterinari, kuuliza sio kumkosea heshima.

Karibuni tuongee.

Mdau wa Rau, Moshi:

Asante kwa uzi mkuu. Mimi nina papi wa Pom ana miezi miwili na ushee, juzi alfajiri nimemkuta amelegea, anayumba kama mlevi, anatetemeka, nikajua jirani kaniwekea sumu. Kufika kwa dokta kachangamka kidogo kwa maji ya glukosi. Hii ni nini na itarudi?

Mleta uzi:

Pole sana dada. Hapo inaelekea sukari ilishuka, ila muulize dokta aliyemuona maana yeye ndo kampima. Papi wadogo wa aina hii ini lao halijaweza kuweka akiba, akikaa usiku kucha bila kula, au akipata baridi, au minyoo imemjaa, sukari inaanguka. Huku Arusha mwezi wa 6 na wa 7 ndo hatari zaidi, baridi inamtetemesha na kule kutetemeka nako kunakula sukari. Mpe chakula kidogokidogo mara 4 kwa siku au zaidi, cha mwisho kabla hujalala wewe na cha kwanza ukiamka. Weka asali karibu. Ukimkuta amelegea mpake asali kwenye fizi na kidole, kidogo tu, usimmiminie kitu mdomoni kama hajitambui atapaliwa kiingie kwenye mapafu, mfunge kitambaa cha joto, afu kimbia naye kliniki hata kama ameamka. Akishakua miezi kadhaa wengi inaisha. Ikiwa inajirudia anakua nayo, hasa akila nyama ndo anazubaa au anapata degedege, mwambie dokta achunguze ini, kuna hawa Yorkshire na Maltese wanaozaliwa na mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini badala ya kuingia ndani isafishwe.

Na mwingine anayeuziwa papi wa "ticapu" ajue hakuna bridi (aina ya mbwa) inaitwa hivyo kwenye vyama vya mbwa duniani, ni kambwa kadogo kuliko kawaida au kametolewa kwa mama mapema, na hilo la sukari kwake ni kubwa zaidi. Kasiuzwe chini ya wiki 8.

Mdau wa Kijenge:

Dada yangu yupo Uingereza mbwa wake ana bima, akiumwa anaenda tu. Sisi huku lini? Mtoto wangu ana NHIF, Pom wangu namlipia kesh kila kitu.

Mleta uzi:

Mkuu NHIF ni ya binadamu hiyo tuiache. Bima ya mifugo nchini ipo, makampuni yako chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, lakini imefikiriwa kwa mtaji wa mfugaji, ng'ombe akifa mtu asirudi sifuri, haijafikiriwa kwa goti la Pom. Uingereza bima ya wanyama wa nyumbani wanayo tangu 1947, Marekani tangu 1982, kwa hiyo wameshazoea, ila hata kwao haiko hivyo tunavyohadithiwa kwamba unaenda tu.

Mara nyingi unalipa mwenyewe kwanza afu unadai. Kuna kiasi cha mwanzo unabeba wewe, kinachobaki Marekani wanarudisha kama asilimia 70 mpaka 90 kutegemea ulichokata. Ada inaangalia bridi, umri na unakoishi. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kukata bima hawaulipi, na hapa ndo watu wa vimbwa vidogo wanaumia, sababu dokta akiandika kwenye faili hata mara moja kwamba goti la kushoto linateleza, bima nyingi zinalihesabu na la kulia kuwa lilikuwepo, hata kama la kulia ni zima. Kuna muda wa kusubiri, magonjwa ya kawaida nyingi ni siku 14, mifupa na magoti baadhi wanavuta zaidi ya hapo. Chanjo, minyoo, kupe, kusafisha meno kwa kawaida havimo mpaka uongeze hela. Na kwa Uingereza dada yako aangalie yake ni ipi, kuna zinazolipa ugonjwa mmoja kwa miezi 12 afu basi, na kuna za maisha zinazojirudia kila mwaka. Kwa mbwa wa dawa za moyo au za koo tofauti ya hizo mbili ni kubwa sana, ya miezi 12 inakuacha pale pale ugonjwa unapoanza kuwa wa kudumu.

Kwa hiyo kibubu chetu kina uzuri wake, hakina muda wa kusubiri na hakibishani kuhusu goti la pili. Ubaya wake ni kwamba mbwa akiumwa mwezi wa tatu kina 90,000 tu. Ndo maana nasema kianze mapema, au uanze na kiasi cha kueleweka, bei ya papi ikiwa laki kadhaa basi weka walau nusu yake pembeni siku hiyohiyo. Kingine, mkiwa majirani wanne watano wenye mbwa, muiteni dokta nyumbani siku moja achanje wote, usafiri wake mnagawana. Na tunza kadi ya chanjo na karatasi zote za matibabu, uzito, tarehe, dawa aliyopewa, ukibadilisha dokta hurudii vipimo vyote upya.

Mdau wa Kwa Mrombo:

Samahanini, ila laki tatu na sitini kwa mwaka kwa mbwa? Mbwa wa kwetu anakula makombo, analinda, hajawahi kuona dokta na ana miaka 9. Watoto wanakosa ada huku.

Mleta uzi:

Kaka sina ugomvi na wewe, na kama hela ya mwanao haijatimia usinunue Maltese, hilo nalisema bila kuzunguka. Mbwa wa kienyeji ni imara kweli kwa magoti na koo, na kwa anayetaka mbwa wa bajeti ndogo namshauri huyo kabisa. Lakini ukishamleta kiumbe ambaye umbo lake linahitaji matunzo, huwezi kumwambia ajikaze kama wa kienyeji. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo haitofautishi bridi, mnyama wako ni jukumu lako. Na huyo wa miaka 9 naomba sana achanjwe kichaa cha mbwa kama hajawahi, kwa ajili ya hao watoto. Halmashauri nyingi huwa zinachanja bure au kwa hela ndogo karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mtoto aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 afu hospitali siku hiyohiyo, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Mdau wa Ngaramtoni:

Mi nafuga ng'ombe, dawa ninazo. Chihuahua wa mke wangu nikimchoma ivermectin kidogo na kumuogesha ile dawa ya kuogeshea ng'ombe si inatosha? Na akichechemea nampa diclofenac nusu.

Mleta uzi:

Hapana mkuu, tafadhali usifanye hata kimoja. Ile sindano ya ng'ombe ni ya asilimia 1, kipimo cha mnyama wa kilo 300, kwa mbwa wa kilo 2 tone la ziada tu ni mara kadhaa ya kinachotakiwa, anaanza kuyumba, kutoa mate, macho hayaoni, anazimia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi kwa Chihuahua nayo ni mbaya. Diclofenac na ibuprofen zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, nusu kidonge kwa mwili ule ni sumu kamili. Za maumivu za mbwa zipo, dokta anampima uzito kwanza. Mizani ya jikoni inatosha kumpima mwenyewe nyumbani, andika gramu, usikadirie kwa macho.

Mdau wa Kibosho:

Ongezea la Desemba mkuu. Watu wakirudi nyumbani mbuzi zinachinjwa kila boma, wageni wote wanamtupia mbwa mafuta na mifupa, mwaka juzi Maltese wa shemeji kalazwa Krismasi.

Mleta uzi:

Umesema jambo kubwa mama. Mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kuvimbisha kongosho, mbwa anatapika, mgongo anaupinda kwa maumivu, hagusi chakula, na hiyo inaweza kuwa kulazwa na dripu wakati kliniki nyingi zimefunga sikukuu. Mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vikali. Pilau na supu zina vitunguu, vitunguu maji na vitunguu saumu vyote vinavunja chembe nyekundu za damu, rudi pale kwenye robo lita. Mi wageni nawaambia mlangoni kabisa, mbwa ana chakula chake, na namfungia chumbani watu wakila.

Mdau wa Usa River:

Jike wangu wa Chihuahua nataka apandwe, nirudishe hela. Ushauri?

Mleta uzi:

Kama goti lake linateleza au meno yamepandana, usimpandishe, unawapa watoto shida ileile na wanunuzi bili ileile. Kama ni mzima, dume lake lisiwe kubwa kuliko yeye. Kichwa cha Chihuahua ni kikubwa na nyonga ni ndogo, wengi wanaishia kupasuliwa ili kuzaa. Upasuaji wa usiku na papi wawili tu ndani, hiyo hela hairudi. Kabla hajashika mimba uwe na namba ya dokta anayepokea simu saa 8 usiku, na hela ya upasuaji mkononi. Akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila kitu kutoka, anza safari.

Mdau wa Sekei:

Wangu ni Maltipoo (mchanganyiko wa Maltese na Poodle) wa miezi 7, jike, chonge za juu ziko mbilimbili kama ulivyosema meno kubanana. Dokta kasema ang'olewe za utoto, na mimi nilitaka pia kumfunga uzazi. Nianze na lipi, hela ni ya kimoja kwa sasa.

Mleta uzi:

Muombe afanye vyote kwa usingizi mmoja. Usingizi ni sehemu kubwa ya bili na ndo sehemu yenye hatari kwa kambwa kadogo, kwa hiyo kumlaza mara moja badala ya mbili unaokoa hela na unampunguzia hatari. Dokta wengi wanakubali hiyo mipango, na siku hiyohiyo akiwa amelegea muombe ayashike na magoti akwambie ni daraja gani. Meno ya utoto yakikaa zaidi yanasukuma ya ukubwani yakae vibaya, kwa hiyo usivute mpaka mwakani, na kama hela ya pili inahitaji muda muulize dokta anaweza kusubiri mpaka lini. Uliza watamfanyia kipimo gani cha damu kabla, watampa joto gani mezani maana hawa wanapoa haraka, na asifungwe kula muda mrefu kama mbwa mkubwa, wakuandikie saa kamili ya chakula cha mwisho kwa uzito wake.

Mdau wa Sekei:

Nimempigia sa hivi, amekubali vyote pamoja, Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Kasema aje na kilo zake zimeandikwa na shuka la kumfunika.